Ipoe, Ipoze

Nyinyi niliowaachia maabara mliniambia nikistaafu nipumzike. Nimejaribu. Huu ni mwezi wa tano niko nyumbani Kibamba na bado sijajua kupumzika kunafanywaje. Nikikaa nainuka. Nikiinuka nazunguka nyumba, nagonga nguzo za kibaraza kwa ufunguo nisikilize zinavyolia, mpaka jirani akamuuliza mwanangu kama mama yuko sawa. Geti langu nimelikagua maungio yote, nikalimaliza, nikahamia geti la kanisani, na katekista akanikuta nimepiga magoti mahali ambapo hapapigwi magoti. Ndiyo maana naandika. Kalamu inanikalisha kitini walau kwa dakika chache.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Nitaandika juu ya kazi, na ninayo sababu moja ambayo ni vizuri muijue mapema, msije mkadhani nimekuja kuwahubiria. Kwenye kabati la pili kutoka dirishani kuna ripoti ya pini ya winchi iliyovunjika miaka tisa iliyopita. Chini yake ipo sahihi yangu. Ndani yake yamo maneno matatu yasiyo kweli, na maneno hayo yalimharibia jina fundi wa kuchomelea anayeitwa Mwinshehe. Nataka ripoti hiyo irekebishwe. Neema, wewe mkuu wa sasa, ulishanijibu kwamba ripoti ikifungwa imefungwa. Basi soma hii, na wenzako wasome, halafu mnijibu tena.

Nilifika maabara yetu ya kupima vyuma, Mikocheni, mara ya kwanza nikiwa na cheti cha ufundi ndani ya bahasha ya kaki. Baba yangu, mzee Nandonde, alikuwa mchongaji wa mpingo aliyetoka Newala na kuweka kibanda Mwenge. Nilikua nikimwona akigeuzageuza gogo mikononi kabla ya kuligusa kwa patasi, anatafuta mti umeelekea wapi, kwa sababu ukiukata vibaya unapasukia usikotaka. Mimi sikutaka habari za patasi. Nilitaka kazi ya ofisini, yenye feni.

Mkuu wa maabara wakati huo alikuwa Mzee Komba, mtu mfupi wa Songea aliyevaa koti jeupe lenye matundu ya asidi. Bahasha yangu hakuifungua. Aliniambia nimwoneshe viganja.

"Unajua kusugua?"

"Nasuguaga sufuria nyumbani, mzee."

"Basi nusu ya kazi unaijua. Nusu nyingine ni kujua kuacha."

Akanipa kipande cha chuma kikubwa kama kizibo cha soda, kimeshikizwa ndani ya plastiki nyeusi ngumu, na karatasi za msasa kuanzia nene hadi nyembamba. Unasugua upande mmoja mpaka mikwaruzo yote ielekee kumoja. Unageuza kipande robo, unachukua msasa mwembamba zaidi, unasugua mpaka mikwaruzo ya kwanza ifutike yote. Unageuza tena. Ukimaliza karatasi unahamia kwenye kitambaa kinachozunguka, chenye uji wa unga mweupe, mpaka chuma king'ae kama kioo. Hapo ndipo unakiweka kwenye asidi iliyochanganywa na spiriti, kwa sekunde chache tu, unakisuuza na kukikausha. Leo mna mashine inayosugua vipande sita kwa mpigo huku mkichati. Sina kinyongo. Ila mashine haijui kuacha, na nyinyi nimewaona mkiisahau.

Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Ilinichukua siku tatu. Siku ya kwanza niliacha mkwaruzo. Siku ya pili nilitoa kipande kwenye asidi kimekuwa cheusi kama tako la sufuria ya makande.

"Umekiunguza," Mzee Komba akasema.

"Nimehesabu sekunde kumi tu, mzee."

"Sekunde kumi za nani?"

Siku ya tatu akanisogeza kwenye darubini. Nilitegemea kuona weupe mtupu, nikaona mtaa. Chembe zimepakana na chembe, kila moja na mipaka yake, nyingine pana kama viwanja vilivyopimwa, nyingine zimebanana kama viwanja vilivyovamiwa. Nikatoa jicho nikakitazama kile kipande kwa juu: kimya, laini, hakina habari. Nikarudisha jicho. Nilifanya hivyo mara nyingi mno hadi Mzee Komba akaniuliza kama nimepoteza kitu humo. Tangu siku hiyo hakuna chuma nilichokiamini kwa sura, na pengine ndiyo maana siwezi kukaa kwenye kibaraza cha watu bila kugonga nguzo.

Wengine mna shahada, lakini hili nitalisema hata hivyo. Chuma chenye majina yote mazuri ya kuchanganywa, kromu, nikeli, molibdenamu, bado hakina nguvu kwa sababu ya majina. Kina nguvu kwa jinsi vitu hivyo vilivyojipanga ndani. Chembe zikiwa ndogo, mipaka inakuwa mingi, na ufa ukifika mpakani lazima ugeuke au usimame. Chembe zikiwa kubwa, ufa unapita kama mtu anayekatiza uwanja wa mpira. Vipande viwili vya mchanganyiko uleule, kutoka kiwanda kilekile, kimoja kitabeba mzigo miaka ishirini na kingine kitakatika wiki hiyohiyo. Kilichovitofautisha ni moto viliopitia na namna vilivyotoka kwenye moto huo.

Nimeinuka kidogo, nimerudi. Tuendelee.

Kesi yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa springi ya lori iliyokatika njia ya Morogoro. Dereva aliileta mwenyewe imefungwa kwenye khanga, na alishajipa jibu.

"Mama, chuma kimechoka hicho. Kizee."

"Kina muda gani?"

"Miezi minne."

"Basi hakijazeeka."

"Si nimekwambia kimechoka?"

Tulibishana kwa neno moja mchana mzima. Kwake kuchoka ni kuzeeka. Kwetu ni kupindishwa kidogo na kuachiwa, kupindishwa na kuachiwa, mara elfu kwa elfu, mpaka ufa uzaliwe mahali fulani penye kasoro na uanze kusogea. Nikamwonesha mahali ilipokatikia: mistari myembamba iliyopindana, inafuatana kama alama za maji yanayokupwa juu ya mchanga, yote ikizunguka nukta moja. Ile nukta ilikuwa alama ya nyundo. Kuna mtu aliigonga springi akiifunga. Dereva akaiangalia sana, kisha akasema kwamba aliyeifunga ni shemeji yake, na kama inawezekana kwenye ripoti tuandike tu imechoka.

Kesi nyingine iliyonifundisha adabu ni tangi la stenlesi, chuma kisichoshika kutu, la kiwanda kimoja cha juisi. Tangi zima linang'aa, lakini linavuja pembeni mwa maungio, mstari mwembamba kila upande. Mwenye kiwanda alishika cheti cha stenlesi mkononi akidai ametapeliwa. Hakutapeliwa. Aliyechomelea aliliacha tangi kwenye moto wa wastani muda mrefu, na kwa mchanganyiko ule, huo ndio moto mbaya kuliko wote. Kaboni iliikusanya kromu kwenye mipaka ya chembe, kandokando ya mipaka pakabaki bila ulinzi, na asidi ya matunda ikapita humo. Kwa juu ni stenlesi, kwenye mipaka ni chuma cha kawaida tu. Nilisaga vipande kumi na moja kabla ya kuliona hilo, na vidole vilinitoka damu. Mwenye kiwanda aliposikia maelezo alisema hajaelewa kitu, lakini kwa kuwa nimetoka damu ananiamini.

Sasa niseme habari za Mwinshehe. Nimezizungukazunguka vya kutosha.

Alikuwa mchomeleaji wa karakana moja Chang'ombe ambayo wateja wetu wengi walipeleka kazi. Mzaramo wa Mbagala, mkubwa kwangu kwa miaka kama saba, mwenye mkono uliotulia kuliko mtu yeyote niliyemfahamu. Mshono wake ulilala sawasawa kama ushonaji wa kanzu. Nilipoanza kwenda kule kukagua kazi alinitania kwamba sisi Wamakonde tumezoea mpingo, chuma tumekivamia. Nikamwambia Wazaramo wamezoea ngoma, ndiyo maana anagonga sana. Alikuwa akiniita mwenye darubini. Kila nilipokata kazi yake na kuiweka kwenye darubini niliikuta safi, nikampigia simu kumwambia, naye akajibu, "Si nilikwambia?" ingawa hakuwa ameniambia kitu.

Kampuni moja ya kunyanyua mizigo ilikuwa na winchi ya kwenye lori, na pini ya mkono wa winchi ilikuwa imelika. Pini mpya ilikuwa imekwama njiani. Wakatuuliza kama ya zamani inaweza kujazwa kwa kuchomelewa ili isogeze siku. Ilikuwa chuma cha kromu na molibdenamu, chuma kizuri chenye hasira. Kinakubali kuchomelewa, ila kwa masharti. Lazima ukipashe moto kwanza. Halafu unachomelea. Halafu unakifunika, kwa majivu au mchanga mkavu, unakiacha kipoe chenyewe, na ikibidi kilale hapo mpaka kesho yake.

Niliandika maelekezo kwenye kadi ya kazi, kwa mkono, nimesimama, huku dereva wa kampuni akinisubiri mlangoni na kutikisa funguo. Kadi zetu zilikuwa na nakala chini yake. Niliandika mistari minne:

Ipashe.
Ichomelee.
Ipoze.
Irudishe maabara kwa kipimo cha ugumu.

Someni tena mstari wa tatu. Nilitaka kuandika ipoe. Kupasha na kuchomelea ni amri kwa fundi, na mkono wangu ulikuwa umeshaingia kwenye mwendo wa kuamuru, ukaendelea. Kumbe kupoa si kazi ya fundi hata kidogo, ni kazi ya chuma chenyewe. Ipoe maana yake iache. Ipoze maana yake ifanye kitu. Na kwenye karakana ya Chang'ombe, kitu unachofanya kupoza chuma ni ndoo ya maji.

Kesho yake mchana nikampigia Mwinshehe. Mazungumzo nayakumbuka yote kwa sababu yalikuwa mafupi.

"Fundi, ile pini imepoa?"

"Imepoa, dada. Kitambo."

"Haina shida?"

"Kwa macho haina. Hawa jamaa wapo hapa wanataka waichukue moja kwa moja."

Nilisita. Kipimo cha ugumu kingechukua dakika kumi pamoja na kuipangusa. Lakini kutoka Chang'ombe hadi Mikocheni na kurudi ilikuwa nusu siku, na dereva yule alikuwa ameshaniudhi. Imepoa, amesema. Nikajibu, "Basi waichukue."

Siku ya nne pini ilikatika wakati winchi imeinua jenereta. Jenereta lilianguka likapasuka. Hakuna aliyeumia, wote walikuwa wamekaa pembeni wanakunywa chai, na kwa kuwa hakukuwa na wa kumpeleka hospitali, kila mtu alipata nafasi ya kutafuta wa kumlaumu.

Vipande viliwekwa mezani kwangu. Kabla sijakata chochote nilijua. Uso wa mahali ilipokatikia ulikuwa tambarare na wenye vimeta, haukuvutika popote, haukupinda. Nikachukua tupa nikajaribu karibu na mshono, tupa ikateleza. Nikakata, nikasugua, nikang'arisha, nikatia asidi, nikaweka jicho. Sindano. Pembeni yote ya mshono zilijaa sindano, zimekatizana kila upande.

Kwa wale ambao hamjaziona bado: chuma kikiwa cha moto sana, kaboni iliyomo ndani inatembea kwa uhuru. Kikipoa polepole inapata muda wa kutafuta mahali pake, na unapata chuma chenye nguvu ambacho bado kinakubali kupinda. Ukikimwagia maji, kaboni inanaswa palepale ilipo, na badala ya chembe zilizotulia unapata hizo sindano. Ni kigumu ajabu. Hakikwaruziki. Lakini hakijui kupinda, na kikizidiwa kinakatika bila kuaga.

Niseme ukweli wangu hapa. Nilifurahi. Mwili mzima ulinisisimka, kama unavyosisimka kila kitu kinapojitokeza kwenye darubini na ukajua umekipata. Niliandika ripoti asubuhi hiyohiyo, haraka, sijaketi vizuri. Niliandika kwamba pini ilipozwa ghafla kwa maji baada ya kuchomelewa. Hilo lilikuwa kweli, na picha ninazo. Kisha nikaongeza: kinyume cha maelekezo.

Maneno matatu. Kadi sikuifungua. Nilijua nilichotaka kuandika, kwa hiyo nikawa na hakika ndicho nilichoandika. Chembe ndogo kuliko unywele nilizikagua kwa saa nzima, mwandiko wangu mwenyewe sikuukagua.

Karakana ilimwondoa Mwinshehe ndani ya wiki. Mji huu ni mkubwa kwa wenye nyumba tu. Kwa mafundi ni mdogo. Habari zilifika kwa mafundi wa Gerezani, zikafika Tandale, na wakampachika jina: Fundi Maji. Nililisikia mara ya kwanza kwa mteja aliyecheka sana alipolitamka, na mimi nikacheka naye kidogo. Hilo nalo liandikwe.

Kama wiki tatu baadaye nilikuwa natafuta karatasi nyingine kabisa nikaikuta nakala ya ile kadi. Nikaisoma nikiwa nimechuchumaa mbele ya kabati. Ipoze. Nikaisoma tena nikidhani ni uchafu wa kaboni ya nakala. Haikuwa uchafu. Ilikuwa z yangu, yenye kile kimkia ninachokiweka.

Nilipaswa kusimama na kwenda kwa Mzee Komba moja kwa moja. Nikairudisha kwenye faili. Nilijiambia fundi halisi angejua mwenyewe, haambiwi. Nilijiambia nitasema baada ya kumaliza kazi ya bandari tuliyokuwa nayo wakati huo. Nilijiambia maabara ikionekana imekosea, hakuna mteja atakayeamini hata ripoti za kweli. Mzee Komba akastaafu, akarudi Songea, akafariki, nami bado nilikuwa najiambia. Wale walioshangaa kwa nini nilikuwa sikai kwenye vikao, kwa nini nilikuwa nasoma kila kadi mara tatu na kuwarudisha nyinyi mkiwa mmeshafika getini, sasa mnajua. Mlidhani ni umakini. Ilikuwa aibu, na aibu haiachi mtu akae.

Siku mliyoniaga, Neema ulisimama ukasema ripoti za Mama Nandonde hazijawahi kurudishwa hata moja. Watu wakapiga makofi. Nilikuwa na kipande cha keki mdomoni, nikakitemea kwenye tishu. Wiki iliyofuata nilikuja na barua ya masahihisho, nawe ukanipokea vizuri, ukanipa kiti ambacho sikukikalia.

"Shikamoo mama. Mama, hii ishu imeshapita. Ukiifungua leo, kesho kila mteja atataka ya kwake ifunguliwe."

"Na wakitaka?"

"Mama, na huyo fundi mwenyewe ameshasahau."

Nilikaa na hilo neno siku mbili. Siku ya tatu nikaenda Mbagala, kwa sababu ulikuwa umesema jambo ambalo linaweza kupimwa.

Haikuwa shida kumpata. Niliuliza Fundi Mwinshehe, hakuna aliyejua. Ikabidi, kwa kinywa changu, niulize Fundi Maji. Nikaoneshwa kwa mkono.

Alikuwa mbele ya nyumba yake, chini ya bati, anaunda dirisha la nondo. Amekonda, ndevu nyeupe, ila mkono ni uleule. Mke wake alikuwa ameketi kwenye kigoda kando yake na karatasi ya vipimo ya mteja, anamsomea: upana mita moja na robo, urefu mita moja, nondo ziwe tisa. Mwinshehe anarudia kwa sauti, anapima, anaweka alama ya chaki. Nikafikiri macho yamemwishia.

"Shikamoo Fundi."

Akainua kioo cha kuchomelea.

"Marahaba. Mwenye darubini. Karibu. Mama Zuhura, mpe mgeni kiti."

Mkewe akaniachia kigoda, akaingia ndani kutafuta chai. Sikukaa. Nilisema yote nikiwa nimesimama, kwa haraka, kama mtoto aliyetumwa: kwamba nilitaka kuandika ipoe nikaandika ipoze, kwamba niliweka kwenye ripoti maneno ambayo hayakuwa kweli, kwamba nililijua hilo wiki tatu tu baadaye, na nikanyamaza miaka tisa. Nikasema naomba radhi. Alikuwa akipangusa chaki vidoleni, kidole kimoja baada ya kingine.

"Kadi niliisoma," akasema. "Nilisimama nayo pale karakana. Nikasema, mbona huyu mama kaandika nipoze? Chuma cha namna hii mie sikipozagi, nakifukia. Nikakaribia kukupigia simu."

"Kwa nini hukunipigia?"

"Ningekwambiaje? Mie naona juu, wewe unaona ndani. Nikasema labda kuna kitu umekiona humo. Nikamwaga maji. Halafu wewe ukanipigia, ukaniuliza imepoa, nikajua unahakikisha kama nimefanya ulivyoandika."

Nikamwambia kuwa nilipouliza vile nilimaanisha imepoa yenyewe. Akatikisa kichwa taratibu.

"Kazi nilipata nyingine, dada. Madirisha haya yanatulisha. Wala hilo jina haliniumi tena, watoto wa hapa wanadhani mie nilikuwaga fundi bomba." Akacheka kidogo, akaacha. "Kilichoniumiza ni lile neno. Bosi alinisomea ripoti yako, kinyume cha maelekezo. Mie kadi nilishairudisha, sinayo. Nikasema, si iliandikwa ipoze? Akaniambia mwenye darubini hawezi kuandika ipoze, hujui kusoma wewe. Nikarudi nyumbani nikawaza, labda ni kweli. Labda iliandikwa ipoe, mie nikaona mambo yangu. Nimeishia darasa la saba, dada, na la saba lenyewe la zamani."

"Uliisoma sawasawa, Fundi."

"Tangu hapo nikipewa karatasi moyo unaenda mbio. Naiona, herufi zote naziona, lakini siziamini. Basi mama Zuhura ananisomea. Vipimo, barua za shule, meseji za watoto, yote. Ndugu zangu wanajua ni macho."

Neema, hii ndiyo sehemu niliyotaka uisome. Hajasahau. Nilikata pini ile vipande vinne na nikaitazama kwa kila ukuzaji tulionao, na mtu aliyeishika mkononi sikumuuliza hata swali moja. Angenijibu kwa sentensi moja. Nilikwenda kule nikidhani nimemnyima kazi, kumbe nilimnyima macho yake.

Nilimwambia barua ya masahihisho nimeshaiandika, kwamba nitaipeleka karakana na kwa ile kampuni iwe mmekubali au mmekataa. Hakuonekana kuijali sana barua. Aliniuliza kama ile kadi bado ipo.

Nilikuwa nayo kwenye mkoba. Ndiyo, nakala ya faili, niliitoa kabatini siku nilipokuja na barua, na mnaweza kuniandikia onyo. Nikampa. Akaipokea kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na uso kama tunavyofanya watu wa umri wetu. Midomo ilikuwa inacheza lakini sauti haikutoka. Alifika mwisho, akarudi juu. Alipofika mstari wa tatu akaweka kidole, akakiacha hapo muda mrefu, na mimi, ambaye kukaa kumenishinda miaka yote hiyo, nikajikuta nimekaa kwenye kile kigoda.

Mkewe akatoka na chai. Akaona karatasi mikononi mwa mumewe, akaweka sinia chini upesi, akanyoosha mkono kuipokea ili amsomee, kama kawaida yao.

Mwinshehe hakuitoa.

"Kaa kwanza, mama Zuhura," akasema. "Hii nakusomea mie."